Pete ya uchumba hununuliwa kwa mizani

Mwisho wa mwezi, siku ya Jumamosi, kwenye maduka ya masonara ya Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam hakosekani kijana wa aina moja. Amekuja na rafiki yake. Amesimama mbele ya kabati la kioo, mkono mmoja mfukoni, umeshika simu yenye pesa aliyoikusanya miezi kadhaa. Hajui aanzie wapi. Anaangalia pete zinavyong'aa chini ya taa, mwisho ananyoosha kidole.

"Hii bei gani, bosi?"

"Hiyo laki nane na nusu, kaka. Kwako nitakufanyia nane."

Rafiki anaingilia kati: "Mfanyie saba na nusu bwana, anaenda kumvisha mtu."

Sonara anajikuna kichwa, analalamika kwamba hapo hapati kitu, kisha anakubali. Kijana anatoka na kiboksi chekundu chenye kitambaa laini ndani, moyoni akihesabu kuwa ameokoa laki nzima.

Katika mazungumzo yote hayo kuna maswali mawili ambayo hayakuulizwa. Pete ile ina gramu ngapi? Na ni ya karati ngapi? Bila majibu hayo hakuna anayeweza kusema kama laki saba na nusu ni nyingi au ni kidogo. Kijana huyo huyo akienda buchani hakubali nyama ikadiriwe kwa macho. Husimama akiangalia mshale wa mizani mpaka utulie. Lakini kwenye dhahabu, ambayo gramu yake moja inanunua kilo nyingi za nyama, anaona aibu kuuliza.

Aibu hiyo ndiyo huwaponza wengi. Kijana anaogopa kuonekana mshamba, au anaogopa kuonekana bahili kwenye jambo la mapenzi, tena mbele ya rafiki. Sonara mwaminifu, na wapo wengi, hakasiriki akiulizwa uzito. Mizani ipo pale pale juu ya meza, na kuiweka pete juu yake ni kazi ya sekunde tano. Anayeanza kuzungukazunguka, mara mizani imeharibika, mara "hii haiuzwi kwa gramu, inauzwa kwa muundo", huyo ameshajibu swali. Duka la pili liko mlango unaofuata.

Neno karati nalo huwachanganya watu kwa sababu limebeba mambo mawili. Kwenye dhahabu, karati ni kipimo cha usafi. Dhahabu safi ni karati 24. Ya karati 22 ina asilimia 91.6 ya dhahabu, na kilichobaki ni metali nyingine, mara nyingi shaba na fedha. Karati 18 ni asilimia 75. Karati 14 ni asilimia 58.5, na karati 9 ni asilimia 37.5, maana yake zaidi ya nusu ya pete hiyo si dhahabu. Kwenye jiwe, karati ni uzito: karati moja ni gramu 0.2. Kwa hiyo mtu akiambiwa kuwa pete ni "ya karati mbili", aulize ni karati mbili za nini.

Usafi huo hugongwa mhuri kwa ndani: 916, 750, 585 au 375. Ikiandikwa 925, hiyo ni pete ya fedha, hata kama juu imechovywa dhahabu ikawa ya manjano. Herufi GP au GEP humaanisha ni ya kuchovya. GF humaanisha tabaka la dhahabu juu ya metali nyingine. Mhuri usomwe, lakini usiaminiwe peke yake, kwa sababu mwenye uwezo wa kutengeneza pete ya uongo hashindwi kuigonga namba.

Hesabu yenyewe si ngumu. Bei ya dhahabu duniani hutangazwa kwa aunsi, na aunsi moja ya dhahabu ni gramu 31.1. Mwenye simu anaweza kuitafuta bei hiyo asubuhi ile ile anayokwenda dukani, akaigawanya kwa 31.1, kisha akazidisha kwa kiwango cha dola cha siku hiyo. Atapata bei ya gramu moja ya dhahabu safi. Hupanda na kushuka kila siku, kwa hiyo kwa mfano tu ichukuliwe kuwa gramu ni Sh300,000. Pete ya gramu tatu ya karati 18 itakuwa na dhahabu ya Sh675,000. Pete nyingine ya gramu tatu, lakini ya karati 9, ina dhahabu ya Sh337,500. Zote zinang'aa, zote zinaingia kwenye kiboksi chekundu. Kijana wa Kariakoo aliyelipa laki saba na nusu amepata pete ya bei nzuri sana au ameibiwa mchana kweupe, na yeye mwenyewe hajui ni lipi kati ya hayo.

Kinachozidi juu ya thamani ya dhahabu ni jiwe, ujira wa fundi na faida ya duka. Hayo ndiyo ya kupatana. Ujira wa fundi ni halali, pete haijitengenezi yenyewe, lakini haurudi. Siku shida ikimpeleka mwenye pete kuiuza, sonara atapima dhahabu peke yake. Ufundi umeshakwenda, na vijiwe vidogo vidogo vya pembeni mara nyingi hung'olewa na kurudishwa mkononi kama kokoto. Ndiyo maana ni vizuri kuuliza pia kama uzito uliotajwa ni wa dhahabu tupu au ni pamoja na jiwe. Jiwe kubwa la bei ndogo likipimwa kwa bei ya dhahabu, hapo mnunuzi amelia.

Kuna imani kwamba karati ikiwa kubwa ndiyo pete imekuwa bora. Pwani na Visiwani wanawake wengi hupenda dhahabu ya karati 21 au 22, ile inayoletwa kutoka Dubai na Oman, na kwa bangili au mkufu wa shughuli haina mpinzani. Pete ya kuvaliwa kila siku yenye jiwe juu yake ni jambo jingine. Dhahabu ya karati 22 ni laini, na vile vikucha vinavyoshikilia jiwe hulegea mapema. Jiwe linadondoka sokoni au kwenye daladala, na kulitafuta ni kupoteza muda. Karati 18 au 14 hushika vizuri zaidi.

Dhahabu nyeupe nayo ina mambo yake. Ni dhahabu ya kawaida iliyochanganywa na metali za kuipunguzia manjano, kisha kwa kawaida hupakwa juu tabaka jembamba la metali iitwayo rodiamu. Baada ya muda wa kuvaliwa tabaka hilo hulika na umanjano huanza kuchungulia. Mabinti kadhaa wameshawahi kudhani wamevishwa pete feki kwa sababu hiyo. Si feki, inahitaji kupakwa upya, ila si kila sonara wa mikoani ana vifaa vya kufanya kazi hiyo. Nyingine huchanganywa na nikeli, na kuna watu ambao ngozi yao haipatani nayo. Kidole huwasha na kutoka vipele. Binti ambaye hereni za bei rahisi humtoa vidonda masikioni anapaswa kuulizwa mapema.

Juu ya njia za mtaani za kupima dhahabu, nyingi ni nusu ukweli. Dhahabu haivutwi na sumaku, kwa hiyo pete inayorukia sumaku iachwe hapo hapo. Lakini shaba nayo haivutwi, na matapeli wanalijua hilo tangu zamani. Kuing'ata hakumsaidii mtu zaidi ya kuharibu meno. Sonara huikwangua kidogo kwenye jiwe jeusi na kudondoshea asidi, na wenye maduka makubwa wana mashine ya kupima kwa mionzi. Mnunuzi anayetoa pesa nyingi ana haki ya kuomba kipimo kifanyike akiwa anaona, na akishuku, anaweza kukubaliana na muuzaji aende kupimisha kwa sonara mwingine kabla ya kumaliza malipo.

Wapo wanaokimbia maduka kabisa. Anatokea mtu stendi na pete "aliyoiokota", au anajitambulisha kuwa mchimbaji kutoka Geita au Chunya mwenye dhahabu ghafi ya bei ya kutupa, ili kijana aende kuchongesha mwenyewe. Ya kwanza karibu siku zote ni shaba. Ya pili ina hatari ya ziada: kwa mujibu wa Sheria ya Madini, biashara ya madini ghafi ni ya wenye leseni, na serikali ilianza kufungua masoko ya madini mwaka 2019 ili biashara hiyo ifanyike humo. Kijana anaweza kwenda kutafuta pete akajikuta anaandika maelezo polisi.

Njia ambayo familia nyingi huitumia na haisemwi sana ni kuyeyusha dhahabu ya mama au bibi. Inapendeza, pete inakuja na historia yake, na gharama hupungua. Lakini hapa ndipo dhahabu hupotea kimya kimya. Bangili ipimwe mbele ya aliyeileta, karati yake ithibitishwe, vyote viandikwe kwenye karatasi, na siku ya kuchukua pete ipimwe tena. Upotevu kidogo wakati wa kuyeyusha na kusugua ni wa kawaida, na fundi autaje mapema. Mabaki yanayozidi ni mali ya mwenye bangili, ingawa wengi huona haya kuyadai. Mama aliyeitoa bangili yake ya harusi kwa ajili ya mwanawe hastahili kuambiwa tu kwamba "imeishia kwenye moto".

Risiti ndiyo ulinzi wa mwisho, na iwe ya mashine ya EFD. Pamoja nayo duka liandike gramu, karati, aina ya jiwe na uzito wake, na masharti ya kurudisha au kupunguza saizi. Risiti iliyoandikwa "pete 1" haimsaidii mtu. Wanaonunua kwa kuona picha Instagram, wakatuma nusu ya pesa kwa simu na kusubiri bodaboda, huwa hawana hata hiyo.

Kuhusu jiwe, Mtanzania ana kishawishi chake cha pekee, nacho ni tanzanite. Duniani kote jiwe hili huchimbwa Mererani tu, wilayani Simanjiro, mkoani Manyara. Liligunduliwa mwaka 1967, na jina la tanzanite lilitolewa na kampuni ya Tiffany & Co. ya Marekani mwaka uliofuata. Kumvisha binti jiwe la nyumbani ni jambo la fahari na halihitaji kutetewa. Tatizo ni ugumu wake. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini ambacho almasi ina 10, rubi na yakuti samawi zina 9, tanzanite iko kati ya 6 na 7. Mchanga mwembamba uliomo kwenye vumbi la kila siku una ugumu wa 7 hivi. Maana yake ni kwamba hata kulifuta kwa kitambaa chenye vumbi kunaweza kulikwaruza. Mabadiliko ya ghafla ya joto pia hayalifai. Mkono unaotoka kwenye mvuke wa sufuria na kuingia kwenye maji baridi si mahali pake.

Kwa hereni au kidani, tanzanite hudumu miaka mingi bila shida. Kwa pete, anayeitaka achague iliyozungushiwa dhahabu pembeni badala ya iliyoinuliwa juu kwa vikucha, na binti aambiwe mapema kwamba wakati wa kufua, kukanda unga au kupalilia inavuliwa. Akisema yeye pete haivui, basi atafutiwe jiwe jingine. Tena asishtuke mtu akiambiwa kwamba tanzanite yake "imechomwa". Karibu zote hutoka ardhini zikiwa na rangi ya kahawia na hupashwa joto ili zipate ile bluu yenye zambarau. Wizi uko kwenye kioo cha rangi kinachouzwa kwa jina la tanzanite, na huko nje ya mageti ya Mererani na kwenye mitaa ya Arusha kipo.

Almasi ni habari nyingine. Kinachong'aa zaidi kwenye makabati ya bei nafuu ni zirkonia, jiwe la kutengenezwa kiwandani ambalo jipya hupendeza sana na baada ya muda hufifia. Zirkonia si dhambi, ikiuzwa na kuvalishwa kwa jina lake. Kuna pia moissanite, gumu na linalomeremeta, ambalo kile kidude kidogo cha kupimia almasi kwa joto huweza kulipitisha kuwa almasi. Na kuna almasi za maabara, ambazo ni almasi kweli, bei yake ni ndogo zaidi, ila kuziuza tena ni shida. Jiwe kubwa la bei kubwa huwa na cheti, kwa mfano cha GIA, na namba ya cheti inaweza kuhakikiwa kwenye tovuti ya taasisi hiyo kabla pesa haijatoka. Muuzaji mwenye almasi kubwa isiyo na karatasi anauza maneno.

Wanaume wengine hununua zirkonia na kumwambia binti ni almasi. Hilo huishi mpaka siku pete inapopelekwa kupunguzwa. Sonara wa mtaa wa pili anaitazama kwa kioo chake, na bila kujua kinachoendelea anasema, "Dada, hili jiwe ni zirkonia, nikipasha moto nalitoa kwanza?" Pete haijaharibika. Kilichoharibika ni kila alichowahi kuambiwa na mwanaume huyo kuhusu mshahara wake, kiwanja chake na mtoto wa dada yake anayefanana naye sana.

Hapo ndipo lilipo swali la pesa. Ipo kauli inayozunguka kwamba pete ya uchumba lazima iwe ya mshahara wa miezi miwili. Kauli hiyo haikutoka kwa wazee wa ukoo wowote. Ilienezwa na matangazo ya De Beers, kampuni ya almasi, nchini Marekani miaka ya 1980, ikiwa ni mwendelezo wa kampeni yake ya tangu 1947 ya kuwashawishi watu kwamba penzi la milele linataka almasi. Mwaka huo huo wa 1947 mgodi wa Mwadui, Shinyanga, ulitoa almasi ya rangi ya waridi ya karati zaidi ya 54, na mwenye mgodi, John Williamson, akampa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, kuwa zawadi ya harusi. Mwenye mgodi wa almasi anaweza kutoa zawadi ya namna hiyo. Mwalimu wa sekondari mwenye mshahara wa laki saba na kodi ya nyumba asijipime naye.

Huko Marekani, baada ya pete mwanaume anabakiwa na harusi. Tanzania, baada ya pete kuna barua ya posa na kinachoambatana nayo, kuna mahari na mablanketi ya wazee, nauli ya washenga, kiwango cha ukumbi, suti. Kamati ya harusi huchangisha kwa ajili ya sherehe. Hakuna kikao kilichowahi kuitishwa kuchangia pete. Hiyo ni ya kijana peke yake, na kwa sababu ni ya peke yake, ndiyo anayoikopea kwa siri.

Anaikopea wapi? Kwenye mikopo ya kausha damu, au kwenye programu za simu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni. Baadhi ya wakopeshaji wa namna hiyo, mkopaji akichelewa, hutuma ujumbe kwa watu waliomo kwenye simu yake. Mama mzazi anaupata. Bosi anaupata. Na mchumba mwenye pete kidoleni anaupata, pamoja na baba yake ambaye namba yake ilihifadhiwa wiki iliyopita tu kwa jina la "Baba Mkwe". Mahari inajadiliwa Jumapili inayofuata.

Njia ya zamani bado inafanya kazi. Masonara wengi hukubali kupokea pesa kidogo kidogo huku pete ikisubiri. Anayelipa hivyo aulize swali moja mapema: bei ya dhahabu inafungwa siku ya malipo ya kwanza, au itahesabiwa upya siku ya kumaliza? Dhahabu ikipanda katikati, jibu la swali hilo ni pesa nyingi, na liandikwe kwenye karatasi. Asiyeweza hata hivyo anaweza kuanza na pete nyepesi ya fedha au ya dhahabu isiyo na jiwe, akisema wazi kuwa ndiyo uwezo wa sasa. Mabinti wengi, tofauti na inavyodhaniwa, wangependa zaidi kuambiwa hivyo kuliko kuja kuolewa na marejesho ya kila wiki.

Lakini binti mwenyewe aulizwe, na hapa vijana wengi huharibu kwa kupenda mshtukizo. Wasabato wengi hawavai pete wala mapambo mengine. Kupiga goti mbele ya binti wa Kisabato na kiboksi mkononi ni kumtia aibu mbele ya wenzake wa kanisani. Kwenye familia nyingine za Kiislamu pete ya uchumba huonwa kuwa desturi ya kigeni, na kinachohesabika ni posa na mahari, ambayo ni haki ya binti mwenyewe. Wakitaka pete zifanane, ikumbukwe kuwa mwanaume wa Kiislamu havai dhahabu; yake huwa ya fedha. Na ziko familia, za dini zote, ambazo kumvisha binti pete hotelini na picha kusambaa kabla mshenga hajabisha hodi ni kuwadharau wazee. Shangazi huiona picha kwenye simu ya mtu mwingine, na kuanzia hapo kila kikao cha mahari kitakuwa na mtu mmoja aliyenuna.

Mshtukizo unaweza kubaki kwenye siku na mahali. Kuhusu aina ya pete, rangi ya dhahabu na kama anavaa kabisa, dada yake au rafiki yake wa karibu anaweza kuulizwa, ilimradi awe mtu wa kutunza siri. Mdogo wa mwisho wa nyumbani hafai kwa kazi hiyo.

Saizi nayo hukadiriwa sana na kupatikana mara chache. Kijana anavaa pete kwenye kidole chake kidogo dukani na kusema "atakuwa kama hapa". Matokeo yake ni pete inayozungushiwa uzi kwa ndani ili isidondoke, au inayogoma kupita kwenye kifundo mbele ya watu wenye simu. Njia rahisi ni kuazima pete ambayo binti huivaa kwenye kidole hicho hicho, cha mkono huo huo, na kupima upana wake wa ndani kwa milimita. Milimita hazibadiliki, wakati Wamarekani hutumia namba na Waingereza herufi. Namba 7 ya Marekani ni upana wa milimita 17.3 hivi. Vidole huvimba kwa joto na jioni, husinyaa asubuhi ya baridi, kwa hiyo kipimo cha Mbeya mwezi Julai kitabana Tanga mwezi Januari. Pete ikiwa na vijiwe kuizunguka yote, kuipunguza au kuipanua haiwezekani kirahisi, na hilo liulizwe kabla ya kulipa.

Limebaki swali ambalo hakuna anayetaka kuliuliza siku ya kununua. Uchumba ukivunjika, pete ni ya nani? Mitaani majibu ni mengi, kutegemea anayejibu ni ndugu wa nani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 71, inaruhusu mtu kufungua shauri kudai zawadi aliyoitoa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, endapo mahakama itaridhika kwamba aliitoa kwa nia kuwa ni kwa sharti la ndoa kufungwa. Isipokuwa hivyo, hairudi. Kifungu cha 69 nacho kinaruhusu madai dhidi ya aliyevunja ahadi ya ndoa, kwa hasara ya gharama zilizotumika kwa sababu ya ahadi hiyo, na madai hayo yanaweza kufunguliwa na mwanamke au mwanaume. Kwa pete iliyovalishwa mbele ya mashahidi na risiti ikiwepo, nia huwa rahisi kuionyesha. Simu aliyomnunulia siku ya kuzaliwa, na ile saluni aliyomlipia kodi ya miezi sita, ni vigumu sana kuziingiza humo.